Ng'ombe Watano Ng'ambo ya Bubu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Niandike mapema, ili watakaokuja kusoma daftari hili wasipate shida ya kubishana: kuanzia Dodoma mjini mpaka Babati hakuna kijana anayenifikia kwa akili. Kwa sura wapo wawili watatu wanaonikaribia, na wote walishahamia Singida. Shule niliishia kidato cha pili. Wapo wanaosema nilifukuzwa. Mwalimu wa hesabu alikuwa hapati usingizi kwa jinsi nilivyomsahihisha ubaoni, nikamwonea huruma, nikaondoka.

Leo kampuni imeniona. Inaitwa Zizi Janja, ofisi yao iko Dodoma, ghorofa ya pili. Vijana kumi na tisa tulijipanga Chemba na mimi ndiye niliyeitwa wa kwanza. Majina yaliitwa kwa alfabeti, lakini hilo halimhusu mtu. Apolinari, wakala wa taarifa za mifugo. Nimepewa fulana ya kijani, kofia, na simu pana kama kibao cha chapati.

Mama mkubwa Paskazia, aliyenilea na anayenilisha mpaka leo, kaiangalia fulana akauliza, "Imeandikwa nini?" Nikamsomea. Akasema, "Na zizi lenyewe liko wapi?"

Emilia, binti yake wa miaka tisa, akaipapasa. Emilia haoni tangu alipougua surua akiwa mdogo. "Apo, inanuka plastiki." Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya maendeleo.

Huyu mtoto kapata nafasi shule ya wasioona Buigiri. Anaanza Januari na anahesabu siku kwa kokoto ndani ya kopo. Vinatakiwa godoro, sanduku, shuka mbili, sare, na nauli ya kumfikisha. Kila orodha ikisomwa, mama mkubwa anajibu, "Itapatikana," na kuendelea kupepeta uwele. Itapatikana wapi sijui. Alipofariki baba mkubwa Deusdedit mwaka juzi, mdogo wake Meshack alitoa ng'ombe wote zizini kabla matanga hayajaanuliwa. Akasema anatunza mali ya ukoo. Anaitunza hadi leo.

Jumatano, 9 Oktoba

Upepo na vumbi. Nimefua fulana mara mbili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mafunzo Chemba. Msimamizi wetu ni dada Asnath, kasoma chuo kikuu, anavaa miwani na hacheki ovyo. Nitamwoa. Bado hajajulishwa.

Fomu iko ndani ya simu. Inaanza vizuri: jina la mkuu wa kaya, namba ya simu, ng'ombe wangapi, rangi ya kila mmoja, alama ya sikio. Halafu yanakuja maswali ambayo mtu huuliza akitaka kuoa katika nyumba hiyo: magunia mangapi yamebaki, nani mgonjwa na tangu lini, mtoto yupi anaanza shule mwezi gani. Gideoni, kijana wa Kwa Mtoro aliyekaa mbele kama mtoto wa mchungaji, akanyoosha mkono. "Dada, ng'ombe na ugonjwa wa mke vinahusianaje?"

"Wewe kusanya," akasema Asnath. "Uhusiano system itautafuta yenyewe."

Nikacheka ili anione.

Masharti ni mawili. Fomu haiendi mbele bila namba ya simu, na namba ya wakala mwenyewe haikubaliki. Kisha kuna ubao wa majina, kila wakala anauona kwenye simu yake, nani wa kwanza na nani anaburuta mkia. Wa kwanza picha yake inawekwa juu, na nyota pembeni.

Njia ya mkato ya kupanda ubao ni ng'ombe wa kuwekesha. Huku kwetu mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote nyumbani. Anawagawa kwa marafiki wa mbali, wawili huku, watatu kule. Rafiki anawachunga na kunywa maziwa, mwenyewe anabaki na zizi dogo na uso wa kimaskini. Ukame ukipiga upande mmoja, wa upande wa pili wanapona. Ndugu wakija na mikono mirefu, hawakuti kitu. Hata watoto wa nyumbani hawaambiwi. Kampuni inawataka hao hasa. Kaya moja ya namna hiyo inahesabiwa kama kaya kumi.

Nimeshaamua nitakavyokaa kwenye picha.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mwanzoni mwa fomu kuna kibokisi cha ridhaa: mfugaji amesoma masharti na amekubali taarifa zake zitumike. Masharti yenyewe ni kurasa kumi na moja za Kiingereza. Nimegundua ukibonyeza kibokisi kabla ya kushuka kwenye baiskeli unaokoa muda mwingi. Kaya tisa leo.

Jumanne, 22 Oktoba

Kwa mzee Edward.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si yule wa Paskazia aliyefukuzwa shule?"

"Niliacha, mzee."

"Haya. Unauza nini?"

"Nauliza tu. Una ng'ombe wangapi?"

"Wawili."

Wakati huo mjukuu wake anapitisha ng'ombe kumi na mmoja nyuma yangu, kengele zinalia shingoni.

"Na hao, mzee?"

"Wapi?"

"Hao wanaopita."

"Hao wanapita," akasema, na akanikaribisha kigoda.

Lakini nilipouliza habari za mgonjwa alifunguka kama mto. Mke wake anabanwa kifua, amekonda, dawa ya kituo cha afya haikusaidia, wamebakiza gunia moja na nusu. Watu wetu ng'ombe wanawaficha, ugonjwa wanautangaza. Nimeandika yote. Ng'ombe nimeandika kumi na watatu, kwa sababu na wale wawili aliowataja lazima wapo mahali.

Jumamosi, 26 Oktoba

Gideoni yuko juu yangu kwa kaya sita. Joto.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimemsajili baba mdogo Meshack. Watu wanamsema vibaya, ila ni mtu mcheshi kweli. Kanipa soda, kanisifia simu, kanitajia ng'ombe wake wote bila kuficha, hata wale wa marehemu kaka yake, ambao anawaita "wangu wa nyuma." Namba yake naijua kwa kichwa. Ndiyo namba ya kitongoji chetu. Kila mwenye mgeni au msiba anapigiwa kwa Meshack, kwa kuwa ana sola na simu yake haizimi.

Gideoni yuko juu kwa kaya nne.

Jumapili, 10 Novemba

Siku ya ushindi. Kaa vizuri wewe unayesoma.

Mama mkubwa ana ng'ombe watano. Huyu huyu anayeshona kanga iliyotoboka. Wako ng'ambo ya mto Bubu, upande wa Kondoa, kwa Mrangi mmoja anaitwa Athuman, rafiki wa marehemu tangu ujana. Deusdedit aliwapeleka huko kabla hajaugua. Meshack hajui. Ndio godoro, ndio sanduku, ndiyo nauli ya Buigiri: Januari mmoja auzwe kwa ajili ya Emilia, wanne wabaki wazae.

Nimelijuaje? Kwa akili. Niliona kila baada ya miezi miwili inakuja kibuyu cha samli, na hapa hatuna ng'ombe wa kukamua hata tone. Nikafuatilia kibuyu, nikaunganisha hiki na kile mpaka picha ikakamilika yenyewe. Mpelelezi wa Dodoma angehitaji gari na posho. Nimejaza fomu yote: jike jekundu lenye kidevu cheupe, sikio la kulia limekatwa ncha. Jike jeusi tupu. Jike la kijivu lililovunjika pembe. Mtamba wake. Dume la madoadoa, sikio la kushoto lina tundu. Mahali walipo, na jina la anayewatunza.

Fomu ikakwama kwenye namba ya simu. Mama mkubwa hana simu, na yangu ya uwakala inakataliwa. Nikaweka ya Meshack, kama tunavyofanya sote kitongojini, ikapita.

Kaya kumi kwa mkupuo. Kwa heri Gideoni.

Jumatatu, 11 Novemba

Wa kwanza. Picha iko juu. Sikio moja limekatwa, ila nyota ipo.

Nimemweleza Emilia picha ilivyo. Akauliza nimecheka au nimenuna. Nimenuna kama bosi. "Basi si wewe," akasema.

Jumatatu, 18 Novemba

Mawingu asubuhi, mchana hakuna. Watu wanafukua mchanga wa Bubu kutafuta maji, visima vimezidi urefu wa mtu.

Jumatatu, 25 Novemba

Dada Asnath kaja na gari la kampuni kututembelea mawakala. Kanikalisha mbele ya kompyuta yake, kama tuzo. Ramani ya wilaya yetu yote, kila kaya ni nukta. Nyingi za kijani, nyingine nyekundu.

"Hizi nyekundu ni nini, dada?"

"Kaya zitakazouza ng'ombe ndani ya wiki tatu."

"Wamesema lini?"

"Hawajasema. Wenyewe bado hawajui."

Nikacheka. Yeye akaeleza kama anayesoma orodha ya sokoni. Mashine inachukua majibu ya kaya elfu nne, inayachambua kwa pamoja, inaona ambacho jicho la mtu halioni. Magunia chini ya mawili, mgonjwa wa zaidi ya mwezi, mtoto anaanza shule: huyo atauza, na hatabishana bei. Kampuni inaiuza orodha kwa wanunuzi wa ng'ombe. Mnunuzi anajua nani wa kumfuata kwanza, siku gani, na aanzie bei ya chini kiasi gani.

"Na mfugaji anapata nini?"

"Anapata soko mlangoni," akasema Asnath.

"Na wanajua?"

"Walikubali masharti, Apolinari. Kila fomu yako ina alama ya ridhaa. Wewe ndiye mwenye kiwango kizuri kuliko wote, asilimia mia."

Nukta ya mzee Edward ilikuwa nyekundu. Yetu sikuiona. Mahali pa nyumba yetu na ya Meshack kulikuwa na nukta moja nene. Sikuuliza. Nilikuwa naangalia miwani yake.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimemkuta mzee Edward kwenye visima vya mtoni. Jana walimbeba mke wake kumpeleka hospitali Kondoa, na asubuhi hiyo hiyo mnunuzi akaingia na lori. Wameondoka ng'ombe watatu kwa bei ambayo siandiki, maana siku hizi hata mbuzi angeikataa.

"Yule mtu sikuwahi kumwona," akaniambia. "Hakuniuliza habari za nyumbani. Alianza na pole."

Nikamwambia, "Soko limekufuata mlangoni, mzee." Yeye ni mtu wa utani. Alichukua ndoo yake.

Jumatano, 4 Desemba

Nimepishana na baba mdogo Meshack njiani, kavaa buti za mvua na mvua hakuna, begani kamba mpya. Mtendaji wa kijiji alikuwa naye kwenye pikipiki.

"Mwanangu," akasema, "hii kazi yako ni nzuri sana. Usiiache."

Angalau yuko mtu anayetambua.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua. Imeanza saa nane mchana, ikapiga mpaka kuku wakapanda mezani. Emilia katoka akasimama katikati ya uwanja mdomo wazi. Mama mkubwa hakumwita.

Alhamisi, 12 Desemba

Meshack kaleta maksai wake kutulimia shamba lote la uwele, bure. Hakuwahi tangu msiba. Mama mkubwa alimpikia, ila alikula akiwa amesimama. Nimemwambia mama mkubwa watu hubadilika. Akaniangalia sana, akasema, "Kula, upoze maneno."

Jumapili, 15 Desemba

Kupanda. Mgongo.

Jumamosi, 21 Desemba

Emilia anajifunza kukunja shuka. Kasikia kwamba shuleni kila mtoto anatandika kitanda chake mwenyewe. Hatuna shuka ya kumpa, anakunja gunia, anapima pembe kwa vidole, anakunjua, anaanza tena. Nimemwambia anakunja vibaya ili nimchokoze. Akasema, "Wewe unaona na bado fulana yako umeivaa nje ndani." Kweli.

Ijumaa, 27 Desemba

Bubu umejaa. Tuliipanga wiki hii iwe ya kwenda kwa Athuman kumchukua ng'ombe mmoja, sasa hapapitiki. Maji ya kahawia, magogo, mzoga wa punda.

Jumamosi, 28 Desemba

Bado umejaa. Mama mkubwa kanipa kamba, akanitaka niwataje wote watano kwa rangi na sikio, mmoja baada ya mwingine. Nikawataja bila kukosea. "Kichwa unacho," akasema. Huyu mama hasifii ovyo. Nimelala mchana kwa furaha.

Jumatatu, 30 Desemba

Maji yameshuka hadi mapajani. Nimevuka asubuhi nikiwa nimefunga nguo kichwani, nikatembea mwendo wa saa tatu.

Athuman ni mzee mwembamba, kofia nyeupe, ndevu za hina. Nilimfikiria mchoyo, mtu wa kunywa maziwa ya wenzake. Alikuwa anaziba paa la banda. Nilimwamkia, nikasema mimi ni mtoto wa Paskazia, nimetumwa.

"Karibu baba. Hawajambo huko? Ng'ombe walifika salama?"

Nikauliza ng'ombe gani.

Aliteremka ngazi polepole. Mkewe akatuletea kigoda na maji, kisha akasimama pale pale, hakuondoka.

"Wale watano," akasema Athuman. "Tarehe nne alikuja ndugu wa Deusdedit. Meshack, sivyo? Na mtendaji wenu, na mwenye lori. Mimi nikamwambia, Deusdedit sikumjua kwa ndugu zake, nilimjua yeye. Tulipeana neno mimi na yeye, hapa hapa. Ng'ombe hawa hawatoki kwa sura ya mtu wala kwa barua. Watatoka kwa yule atakayewataja mmoja mmoja, rangi na sikio, kama walivyo. Maana hilo alilijua Deusdedit, mkewe, na mimi. Basi. Atakayekuja nalo katumwa na Paskazia."

"Na Meshack akawataja?"

"Alitoa simu. Akasoma. Jekundu lenye kidevu cheupe, sikio la kulia limekatwa ncha. Mpaka tundu la dume. Hakukosea kitu. Nilisema basi, Paskazia kaamua kuwauza, labda kwa ajili ya mtoto. Nikafungua zizi mwenyewe. Nikamfungia na kibuyu cha samli ampelekee. Samli ilifika?"

Nilisema ilifika.

Sijui kwa nini nilisema ilifika. Sikumwambia zaidi. Nilikaa na kamba yangu magotini. Alitaka kunipa chakula, nikasema nawahi mto. Akanisindikiza hadi kwenye mgomba wa mwisho akiniuliza habari za macho ya Emilia, kama kuna dawa mpya.

Najua kilichotokea, sihitaji kuelezwa. Namba ni moja, mashine ikaona mtu ni mmoja. Ikachukua ng'ombe wa mama mkubwa ikawaweka kwa Meshack, ikamtumia ujumbe: mifugo yako iliyosajiliwa ni hii, iko kwa fulani, mnunuzi atakufikia. Na Meshack hakushangaa hata kidogo kupata ng'ombe asiowajua. Nimepishana naye siku hiyo na kamba begani, na nikafurahi kusifiwa.

Jumanne, 31 Desemba

Nimemwambia. Alikuwa anapalilia. Alisikiliza akiwa ameinama, jembe mkononi, hakusimama mpaka nilipomaliza.

"Wote?"

"Wote."

"Na yule mtamba?"

"Na mtamba, mama."

"Meshack kajuaje?"

Nikasema labda Athuman kaongea.

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Athuman," akasema. "Athuman alikula kwangu miaka ishirini." Akarudi kwenye palizi.

Mchana tukaenda kwa mtendaji. Meshack aliitwa, akaja na simu yake iliyojaa chaji. Mtendaji akasoma ujumbe kwa sauti, jina la kampuni, namba ya usajili, ng'ombe watano. "Iko kwenye mfumo," akasema. "Mama, na wewe una nini?"

"Nina rangi zao," akasema mama mkubwa.

"Rangi si ushahidi, mama."

"Shemeji," akasema Meshack, tena kwa upole, "kama walikuwa wako, ungewaficha kwa nini?"

Mama mkubwa akamtazama, akafunga kanga yake vizuri, akatoka. Mimi nilikuwa nimevaa fulana ya kijani. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Ijumaa, 3 Januari 2025

Nimepanda mlima kutafuta mtandao, nikampigia dada Asnath. Nyuma yake mtoto alikuwa analia, kumbe ana mtoto. Nikamweleza.

"Namba moja, kaya moja," akasema. "System imeziunganisha. Ndivyo inavyotakiwa."

"Sasa ifute."

"Naweza kupeleka ombi Dodoma. Lakini orodha ya Desemba wanunuzi walishailipia, walishaichukua. Hata nikifuta kwetu, kwao ipo. Na hao ng'ombe, Apolinari, mwezi mzima umepita."

"Ni wa mama yangu mkubwa, dada. Mtoto wake haoni, anatakiwa shule tarehe kumi na tatu."

Nikasikia anambembeleza mtoto. "Hilo nalo liko kwenye fomu," akasema. "Ndilo liliifanya ile kaya iwe nyekundu." Kisha akasema, bila ukali, "Namba uliiandika wewe."

Zamani nilidhani hacheki kwa sababu ya elimu. Nafikiri amechoka tu.

Jumatano, 8 Januari

Uwele umeota vizuri kuliko miaka yote. Meshack kanunua pikipiki.

Jumatatu, 13 Januari

Shule zimefunguliwa. Emilia aliamka kabla yetu, akaoga, akavaa gauni la kanisani, akakaa kwenye kigoda mlangoni na kopo lake la kokoto. Mama mkubwa alishamwambia juzi kwamba haiwezekani mwaka huu. Kumbe hakuamini, au alitaka kuwa tayari ikiwezekana. Alikaa mpaka jua likamfikia miguuni. Kisha akauliza kama anaweza kuvua viatu.

Mama mkubwa alikwenda kuuliza kwa watu wa kanisa. Wamesema watajaribu, ila nafasi haisubiri, kuna watoto wengine kwenye orodha.

Saa nne simu yangu ikalia. Hongera, Apolinari, wakala bora wa robo mwaka.

Jumapili, 19 Januari

Athuman kaja. Kavuka mto, mzee yule, suruali imelowa hadi kiunoni, anakokota ndama dume mdogo kwa kamba. Nilikuwa uwanjani.

"Nimesikia mnadani kwamba Paskazia hakumtuma Meshack," akasema. "Mwite mama yako."

Nikaingia ndani. Mama mkubwa alishamwona kupitia dirisha. "Mwambie sipo."

"Mama, kaleta ndama."

"Anirudishie watano. Wa kuninunua ni wa nini? Mwambie sipo."

Nikatoka, nikasema hayupo. Athuman akatazama dirisha, kisha akanitazama. "Basi mfikishie hili tu. Mwambie walitajwa mmoja mmoja, rangi na sikio, kama tulivyokubaliana. Ataelewa kwamba sikumuuza. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Alisimama kidogo akiiheshimu ile nyumba iliyofungwa, akageuka na ndama wake. Mto unapanda tena jioni, alihitaji kuwahi.

Sikumwambia. Akielewa kwamba walitajwa, swali la pili ni nani aliyewajua kwa masikio, na watu hao wako wachache.

Alhamisi, 23 Januari

Kanisani wamesema nafasi ya Emilia kapewa mtoto wa Mpwapwa. Watamwombea tena mwaka ujao.

Jumapili, 26 Januari

Simu na fulana nimemwachia Gideoni, akavirudishe Chemba kwa niaba yangu. Kaniuliza kwa nini wa kwanza anaacha. Nikamwambia nimechoka kuonewa wivu. Akacheka, nikacheka.

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Nimeandika kuhusu mashine, namba, Meshack, mtendaji, dada Asnath. Yote ni kweli na kila mmoja anastahili lake. Ila tarehe kumi Novemba nimeandika kwamba niliwagundua kwa akili, kwa kibuyu cha samli. Huo ni uongo. Sikugundua kitu. Ningekaa hapa miaka mingine ishirini nikila ile samli na nisingejiuliza inatoka wapi.

Mama mkubwa aliniambia mwenyewe. Ilikuwa baada ya misa. Alinipakulia chakula, akamtuma Emilia kwa jirani, akakaa karibu yangu. Akasema yeye akifa leo hakuna mwanaume wa nyumba hii zaidi yangu, na mtoto haoni, kwa hiyo nijue. Akanifundisha wale ng'ombe mmoja mmoja, akanirudisha mwanzo kila nilipokosea. Halafu akaishika ile simu ya kampuni iliyokuwa mezani, akaigeuza uso chini, akasema, "Apo, hili usiliandike humo. Hata wakikuuliza."

Nikasema, "Sitaandika, mama."

Gideoni alikuwa amenizidi kaya nne. Niliandika alasiri ile ile, nimekaa nyuma ya nyumba, na nilipofika kwenye sikio la lile dume nilikuwa nimesahau ni la kulia au la kushoto. Nikarudi ndani nikamuuliza. Akanijibu, akafurahi kwamba ninajitahidi kukumbuka.